Kausha Nyumba Kabla ya Kuipaka Rangi: Maandalizi ya Bei Nafuu kwa Anayetaka Kuuza

Habari zenu watazamaji, karibuni sana. Leo nipo Tabata, Dar es Salaam, kwenye nyumba ya vyumba vitatu inayouzwa. Mama mwenye nyumba ameshaletewa wateja wanne, na wote wameondoka na neno moja: "Tutakupigia." Hana fedha ya ukarabati mkubwa. Amenunua ndoo mbili za rangi, zile pale kibarazani, nami nimemwomba asizifungue kwanza. Nifuateni ndani muone sababu.

Tazama dari, pale juu ya kabati. Unaliona lile doa la rangi ya chai? Mteja akishaliona, hata umweleze vipi ukubwa wa vyumba, hasikii tena. Kichwani anapiga hesabu ya paa zima, na bei atakayokutajia imeshakatwa gharama ya hilo paa, hata kama kinachovuja ni tundu la msumari mmoja.

Hili nalisema kwa uchungu. Nyumba ya marehemu baba yetu tuliiwekea dari ya jipsamu sebuleni ili wateja wavutiwe, bati tukaliacha vilevile. Masika yakaingia, dari ikalowa, kipande cha katikati kikashuka chote. Mteja aliyekuwa ameshakubali bei akajitoa. Kwa hiyo mimi naanza na maji, kila nyumba, kabla ya kitu kingine chochote.

Twende juu. Panda asubuhi bati likiwa bado la baridi, na mtu abaki chini kushika ngazi. Kanyaga kwenye mistari ya misumari, maana chini yake kuna mbao. Kamera isogee hapa. Mpira wa msumari huu umepasuka kwa jua, na kichwa kimenyanyuka kiasi kwamba ukucha wangu unapita chini yake. Bati hutanuka mchana na kusinyaa usiku, miaka inavyokwenda msumari unalegea. Ung'oe, weka mwingine mrefu kidogo wenye mpira mzima, kisha zungushia silikoni ya paa. Usiugongee mpaka bati libonyee, utatengeneza kidimbwi. Ukimaliza, toa majani kwenye gata na ukate matawi yanayoinamia paa.

Lile doa la dari nalo usilipake rangi ya maji moja kwa moja, litarudi ndani ya siku chache. Likikauka kabisa, lifunike kwanza kwa mkono mmoja wa rangi ya mafuta, ndipo upake rangi ya dari.

Sasa ukuta. Inama nami hapa chini, nyuma ya mlango. Nikipitisha kiganja, unaona unga mweupe huu? Ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini yakiwa na chumvi ndani yake, yakifika usoni mwa ukuta yanakauka, chumvi inabaki na kusukuma rangi mpaka ibanduke. Tokeni nje muone yanakotoka: udongo umerundikana ukutani hadi juu ya msingi, na maji ya bafu yanamwagikia papo hapo. Chimba udongo ushuke chini ya usawa wa sakafu ya ndani, kisha mwaga zege jembamba lenye mteremko wa kuyapeleka maji mbali na nyumba.

Ndani, sugua chumvi kwa brashi kavu. Usioshe, maji yataiyeyusha na kuirudisha ukutani. Plasta inayolia ukiigonga kama debe tupu, iondoe. Piga upya kwa ndoo moja ya saruji na nne za mchanga safi, na mchanga wa ufukweni usiuguse, nao una chumvi. Mwagilia plasta mpya siku saba, halafu iache wiki nne kabla ya rangi. Najua una haraka ya kuuza. Ndiyo maana nashauri kazi hii ianze Juni, masika yakishapita.

Kabla hujaondoka kwenye maji, funga koki zote na usimame kwenye mita. Kale kagurudumu kadogo kakiendelea kuzunguka, kuna bomba linavuja mahali. Mara nyingi ni tangi la choo, na mpira wake wa kuzibia ni wa bei ndogo sana.

Sasa mama, tufungue ndoo! Chumba cha mita 3 kwa 3.5 kinakula kama lita 6 au 7 kwa mikono miwili, kwa hiyo ndoo ya lita 20 inatosha vyumba vitatu hivi. Piga msasa kwanza, futa vumbi, ziba nyufa. Chagua krimu. Rangi kali uliyoipenda wewe mteja ataiona kama kazi ya kuifuta.

Yaliyobaki ni ya siku moja: nyavu mpya za mbu, kitasa kisichokwama, mafuta kwenye bawaba, taa inayowaka kila chumba. Marumaru za bafuni usizing'oe. Sugua mistari iliyoingia weusi na uijaze upya kwa saruji nyeupe. Na tafadhali, usijenge jiko jipya wala kuongeza chumba ili uuze. Mnunuzi anakuja na mawazo yake.

Risiti zote zitunze, hasa za EFD, ile mashine ya risiti za kielektroniki. TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, inamtoza mkazi asilimia 10 ya faida ya mauzo, na gharama za kuboresha nyumba zinaingia kwenye hesabu ya kupunguza faida hiyo. Ziweke faili moja na hati au leseni ya makazi, risiti za kodi ya pango la ardhi na bili ya maji ya mwisho. Kama ni nyumba ya ndoa, idhini ya mwenzako iwe ya maandishi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inadai idhini hiyo, na maandishi ndiyo ushahidi wako. Nimeona mauzo yakivunjika hapo, rangi ikiwa bado inanukia.

Siku ya kuonyesha nyumba, fungua madirisha yote mapema, na faili liwe mezani. Ikitokea mvua kubwa imenyesha usiku, usiahirishe. Zunguka vyumba vyote na tochi, tazama dari, gusa kuta chini. Ukikuta pakavu, mpigie dalali asubuhi hiyohiyo umwambie alete wateja leo.