Iacheni Python ya Mfumo

Mabibi na mabwana, wengi wenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili: msiiguse Python, lugha ya kuandikia programu, iliyokuja na mfumo wa kompyuta yenu; na baadhi yenu mnatabasamu tayari. Nitalisema tena, kwa sababu kila muhula naletewa kompyuta yenye ugonjwa uleule, ila mwenyewe ni mwingine.

Mwanafunzi ana mfumo endeshi wa Ubuntu 22.04, unaokuja na Python 3.10, na kazi aliyopewa inadai 3.12. Anaisakinisha, na laiti angekomea hapo. Lakini anaigeuza amri ya python3 ielekee kwenye toleo jipya. Akijaribu add-apt-repository, amri ya kuongeza ghala la programu, anajibiwa kwamba moduli, yaani kipande cha programu, ya apt_pkg haipo. Anaapa kwamba ipo, na kweli ipo, ila imetengenezewa 3.10, na 3.12 haiwezi kuitumia. Hata terminali, dirisha la kuandikia amri, inakataa kufunguka, kwa kuwa kwenye Ubuntu terminali hiyo, gnome-terminal, huanzishwa na hati fupi ya Python. Python ile iliwekwa pale kwa ajili ya mfumo; ninyi ni wapangaji, na mpangaji habadilishi bomba la ploti nzima eti kwake maji hayapandi.

Mtaniuliza: mbona tusiweke toleo moja jipya, yaishe? Hayaishi. Python 3.12 ya mwaka 2023 iliiondoa distutils, maktaba ya kufungasha na kusakinisha programu, na mradi wa zamani unaoitegemea bado una mwenyewe anayeutaka ufanye kazi.

Tumieni pyenv, chombo cha kusimamia matoleo ya Python. Huweka kila toleo katika folda yake, kisha hujitanguliza mwanzoni mwa PATH, yaani orodha ya folda ambazo kompyuta hupekua inapotafuta amri. Ukiandika python, hati ndogo ya pyenv ndiyo inayoitika; hutazama kama folda uliyomo, au iliyo juu yake, ina faili la .python-version. Humo huwa mna mstari mmoja, tuseme 3.12.4, na hilo ndilo toleo utakalopewa. Faili hilo liingizeni kwenye Git, mnakohifadhi na kushirikiana msimbo wa mradi. Hapa ndipo mnapolegea: mwenzako aliyeko Kisumu atalijuaje toleo ulilotumia?

Wapo watakaolalamikia bando. Msimbo wa Python ni takriban megabaiti 20; video mlizokuwa mkitazama mkinisubiri zimekula zaidi. Kinachochukua muda ni kwamba pyenv huujenga msimbo huo papo hapo kwenye kompyuta yako, na usipotanguliza kusakinisha libssl-dev, maktaba ya mawasiliano salama ya mtandaoni, utaambiwa kwamba sehemu ya ssl haikujengwa.

Kuhusu venv nitasema kwa kifupi: pyenv huchagua toleo, venv hutenga maktaba za mradi, na hutumiwa pamoja. Ukikutana na kosa la externally-managed-environment, yaani mfumo unakukatalia kusakinisha maktaba kwenye Python yake, usikimbilie --break-system-packages (“vunja vifurushi vya mfumo”), ambayo jina lake limeshakwambia itakachofanya. Wanaotumia Node, inayoendesha programu za JavaScript, wana nvm ya kazi hiyohiyo ya kuchagua toleo, na faili la .nvmrc. Lugha ya Java nilikusudia kuifikia, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Karibuni kwa maswali. Na anayetaka kuniuliza kuhusu Docker, inayofungasha programu pamoja na mazingira yake, aje na Dockerfile yake, yaani faili la maagizo ya kufungasha, nione kama ametaja toleo au ameandika latest, yaani “la karibuni zaidi”.