Choo, bafu na mashine ya kufulia ndani ya mita moja na nusu

Assalaam alaykum mama zangu, dada zangu na kaka zangu. Nashukuru mmekuja wengi, na wengine naona mmekuja na vipimo vyenu kabisa kwenye karatasi, hilo limenifurahisha kuliko yote, maana shughuli yetu ya leo, kupanga choo, bafu na mashine ya kufulia chumba kimoja, yote ni vipimo.

Ntaanza na nyumba ya mama yangu, Michenzani, ghorofa ya pili. Sisi watoto tulichanga tukamnunulia mashine ya kufulia ili apumzishe mgongo. Vijana wawili wakaibeba ngazi zote zile, walipofika mlango wa choo ikakataa kuingia. Mashine upana wake sentimita 60, mlango ndani ya fremu yake ulikuwa 58. Fundi akang'oa fremu, ikaingia, akaieka pale alipoona pana nafasi, chini ya dirisha, mpira wa maji machafu akautumbukiza tu kwenye tundu la sakafu, akachukua pesa yake akaondoka. Mara ya kwanza tu mashine kumwaga maji, povu likarudi juu, na ile sakafu slopu yake kumbe inaelekea mlangoni badala ya kuelekea tunduni, basi maji yakaingia ukumbini yakarovya mazulia, na asubuhi jirani wa chini akaja na picha ya dari lake kwenye simu. Mama alilia. Mazulia hakuyajali, alilia kwa aibu ya jirani waliyekaa pamoja miaka mingi bila kukwazana.

Tokea siku hiyo mtu akinambia anataka kueka mashine chooni, simuulizi mashine gani, namuuliza maji yako yanatokea wapi? Tundu ndio mwenyeji, vyengine vyote wageni, watakaa tundu linapowataka wakae. Nionyesheni bomba la kutolea maji machafu linapita ukuta gani, halafu ndio tuanze kuzungumza.

Sasa chukueni chumba cha mita moja na nusu kwa mita mbili na sentimita 40. Wengi wenu karatasi zenu zina kitu kama hichi. Mlango uko ukuta mfupi, dirisha liko ukuta mfupi wa mbele yake. Watu wengi wanatawanya vitu, choo huku, mashine kule, wakaelekezana uso kwa uso. Hesabu haiendi, choo kinakula sentimita 68 na mashine na mipira yake 65, jumla 133, umebakiwa na sentimita 17 za kupita, hata mtoto hapiti. Panga vyote ukuta mmoja mrefu. Upande wa dirisha bafu la kukogea, sentimita 90. Kinafuata choo, 75, usikibane zaidi ya hapo, mtu mzima akae magoti yametulia. Mwisho karibu na mlango mashine, 65. Jumla 230, imebaki 10 ya kupitishia mabomba, na mbele yako una njia ya sentimita 80 na kitu. Sinki dogo la kukoshea mikono lieke ukuta wa pili, mkabala na bafu, lile jembamba la sentimita 25, na bomba la kutilia udhu liwe chini pale pale penye bafu, uchukue kibao ukae. Mlango ufunguke kwa nje. Ukifunguka kwa ndani umeipoteza nusu ya hesabu yote.

Na kabla hujamwita fundi kuchimba chochote, angalia kibla. Sisi hapa Unguja, na Pemba vile vile, Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja, kwa hiyo choo, ili mtu asiielekee Makka wala asiipe mgongo, kinatakiwa kitizame mashariki au magharibi. Kama ukuta wako mrefu unatoka kaskazini kwenda kusini mambo yamekaa sawa bila taabu. Nshaona nyumba choo kimeshajengwa, vigae vimeshapigwa, ndio babu anaingia anasema hapa siwezi kukaa, kikavunjwa chote. Swali la dakika moja hilo.

Slopu sasa. Hapa nawaomba mnisikilize sana. Kila mita moja sakafu ishuke sentimita moja mpaka moja na nusu kuelekea tundu, na tundu liwe kwenye eneo la kukogea. Kutoka mlangoni mpaka tunduni ni kama sentimita 3 za kushuka. Fundi atakwambia nshaweka, wewe mwambie lete ndoo. Mwaga maji mlangoni kabla vigae havijapigwa uone yanakwenda wapi. Na walio ghorofani, mkishapaka ile dawa ya kuzuia maji, sakafu yote na ukutani ipande sentimita 15, kwenye bafu ipande kichwa cha mtu, zibeni tundu, jazeni maji sakafuni, pigeni alama ya kalamu ukutani yanapofikia, mwende mkalale. Kesho wakati kama ule ule tizameni alama, halafu shukeni kwa jirani mwombeni ruhusa muangalie dari lake. Kwa heshima, mapema, kabla hajaja yeye.

Mashine usiieke juu ya sakafu yenye slopu, itatembea ikikamua. Ijengee kijukwaa cha zege cha sentimita 10 kilicholala sawa, miguu yake inazungushwa mpaka ikae vizuri. Mpira wake wa maji machafu usitumbukie sakafuni kama kwa mama yangu. Lisimamishwe bomba lake peke yake, la inchi moja na nusu au mbili, mdomo wake uwe juu sentimita 60 mpaka 90 kutoka sakafuni, chini lina kona yake inayobaki na maji ya kuzuia harufu na mende. Kwa nini juu? Mpira ukiwa chini maji yanajivuta yenyewe yakatoka wakati mashine bado inajaza, inajaza inatoka, inajaza inatoka, utafikiri imeharibika kumbe nzima. Na usiuzibe kwa gundi, uwache upumue.

Wenye karo, yaani shimo la maji ya choo, yale maji ya sabuni yasiingie kwenye karo la choo kama una pa kuyapeleka. Yawe na shimo lake la kunyonya. Karo linafanya kazi kwa vijidudu, ukivimiminia maji mengi ya sabuni kwa pigo moja vinateseka na karo linajaa haraka.

Maji ya kuingia. Mashine nyingi za otomatiki zinataka maji yaje na nguvu ya baa 0.5, hicho ni kipimo cha msukumo, na kila mita moja tangi linapokaa juu ya mashine inakupa kama baa 0.1, kwa hiyo tangi liwe juu ya mashine mita 5. Wa ghorofa ya juu kabisa tangi lenu liko mita 2 tu juu ya kichwa, mashine itasubiri maji mpaka igome. Ama mtie pampu ndogo, ama mchukue ile yenye vyumba viwili, kimoja cha kufulia kimoja cha kukamulia, hiyo hata kwa ndoo inajazwa. Kwa mtaa unaopata maji kwa zamu mie hiyo ya pili naipenda zaidi kwa kweli.

Umeme kwa ufupi lakini msiuchukulie ufupi. Plagi isiwe ndani ya sentimita 60 kutoka bafuni, ndio maana choo tumekieka katikati. Iwe juu, na kifuniko, na waya wa ethi wa kweli, na kile kikatio kinachokata umeme ukivuja kwa miliampia 30. Bila hicho kikatio mie kazi naikataa, na nshaikataa kwa jamaa zangu wa damu.

Wa Mji Mkongwe nawaonea huruma kidogo. Vyumba vyenu vyembamba kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba sakafu za juu urefu wake ni kiasi cha mita mbili na nusu mpaka tatu, ndipo chumba kinapoishia. Mashine isipande juu ya boriti. Maji yakipenya kidogo kidogo boriti inaoza ndani ya chokaa huioni, na mtikisiko wa kukamua unamalizia. Eka chini, sakafu ya ardhi. Na kuta za mawe na chokaa msizipige plasta ya saruji, unyevu unafungika ndani, plasta inabanduka na chumvi inatoka. Chokaa kwa chokaa, na Mamlaka ya Mji Mkongwe waambiwe kabla ya kutoboa ukuta.

Naam, dada pale nyuma, umeuliza wakati wa masika nguo tuanike wapi. Juu ya bafu lile lile. Kamba nne darini za kupandisha na kushusha, zinachuruzika pale pale penye slopu na tundu, dirisha liko hapo hapo, na upepo wa kusi ukipata dirisha na mlango ulioachiwa uwazi wa sentimita 2 chini, nguo zinakauka. Kapu la nguo chafu litundike ukutani juu ya mashine, lisikae sakafuni karibu na choo, na nguo za mtoto zenye najisi zioshwe kwanza kwa maji safi ndio ziingie na nguo za kusalia.

Haya, aliyekuja na karatasi aje mbele, chaki ninayo, tuichore hapa sakafuni ukubwa wake wa kweli uingie ndani usimame uone.