Shukrani Isiyosubiri Msiba wa Jirani

Asanteni, kaeni. Mwenyekiti ameniomba nisivuke muda, na wanaonifahamu wameshaanza kucheka, kwa hiyo utangulizi tuuache.

Nimelisema hili katika kumbi nyingi na leo nalisema tena. Katika mazungumzo yote ya shukrani, hakuna sentensi inayonikera kama hii: "Mshukuru Mungu, wapo wenye hali mbaya kuliko yako." Mnaijua. Mtu kaachishwa kazi, anaambiwa. Mtu kafiwa, anaambiwa palepale msibani, machozi hayajakauka, na msemaji anaondoka akiamini amefariji. Hebu tuitazame inataka nini. Inataka nitulie kwa sababu mwenzangu anaumia zaidi. Basi siku mwenzangu akipona, mimi sina tena cha kushukuria! Na yule aliye chini ya wote, ambaye sisi sote tunamtazama ili tujisikie nafuu, yeye mnataka amtazame nani?

Yupo atakayesimama wakati wa maswali aniambie kwamba Mtume Muhammad alifundisha tuwatazame walio chini yetu, tusiwatazame walio juu. Ni kweli, hadithi hiyo imo katika Sahihi Muslim. Ila atakaponisomea naomba aifikishe mwisho, maana sababu imetajwa humohumo: ili tusiidharau neema ya Mungu tuliyopewa. Tunaelekezwa kuiona neema. Sioni mahali tulipoambiwa kwamba dhiki ya mwenzetu iwe kiburudisho chetu. Tusonge.

Nije kwenye utafiti ambao kila mtu anaunukuu na karibu kila mtu anaukosea. Mmeshausikia kwenye mahubiri, kwenye semina za kazini, kwenye zile video za dakika moja: "Wanasayansi wamethibitisha kwamba aliyeshinda bahati nasibu na aliyepooza wana furaha sawasawa." Watu wanapiga makofi. Mimi nakaa kwenye kiti changu nimeuma meno, kwa sababu si kweli, na kilichopatikana hasa kina manufaa kuliko huo uzushi.

Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake wawili, huko Marekani, waliwahoji watu wa makundi matatu. Watu 22 walioshinda bahati nasibu ya jimbo la Illinois. Watu 29 waliopooza kwa ajali. Na watu 22 wa kawaida, wasioshinda kitu wala kupatwa na kitu. Wakawauliza: una furaha kiasi gani sasa, kuanzia 0 mpaka 5? Washindi wakapata wastani wa 4.00. Watu wa kawaida 3.82. Waliopata ajali 2.96.

Sasa nionyesheni huo usawa uko wapi. Waliopooza walikuwa na furaha pungufu, na haki hiyo walikuwa nayo. Ukimwambia mtu aliyepoteza miguu kwamba sayansi inamtaka awe na furaha kama wewe, umemwongezea mzigo. Kilichostahili kuandikwa juu yao ni kwamba hata hivyo wastani wao ulikuwa juu ya katikati ya kipimo, na hilo si dogo. Upande wa pili, ile tofauti ya 4.00 na 3.82 kitakwimu haikuwa na uzito. Watu wamejaziwa fedha, na furaha yao hatuwezi kuitofautisha na ya jirani zao wasiopata kitu.

Hapo ndipo wanukuzi wengi wanapofunga daftari. Lakini kulikuwa na maswali mengine. Waliulizwa raha wanayoipata katika mambo madogo ya siku: kuzungumza na rafiki, kula kifungua kinywa, kusikia kichekesho, kusifiwa. Watu wa kawaida wakapata 3.82. Washindi wakashuka hadi 3.33. Kichekesho ni kilekile, rafiki ni yuleyule, kifungua kinywa pengine kimekuwa kizuri zaidi, ila mlaji hakioni tena. Kile kishindo kikubwa cha ushindi kimeyafanya mengine yote yaonekane si kitu. Ndiyo maana huwa nawaambia vijana wanaosubiri jambo kubwa ndipo waanze kuishi: jambo kubwa likija, huwa halilei haya madogo.

Swali la tatu ndilo lililonifanya nikubali mialiko ya namna hii. Waliulizwa: kabla ya haya kutokea, maisha yako ya zamani yalikuwa na furaha kiasi gani? Watu wa kawaida wakayapa maisha yao ya nyuma 3.32. Waliopooza wakayapa 4.41. Hakuna alama ya juu kuliko hiyo katika jedwali lile la furaha, hata ya washindi baada ya kushinda.

Tulieni kidogo na hiyo 4.41. Hawa watu, kabla ya ajali, walikuwa nani? Walikuwa watu kama ninyi. Walikuwa na madeni, na bosi mkorofi, na mgongo unaouma wakiamka. Mngewauliza mwezi mmoja kabla, sioni kwa nini wasijibu kama wale wa kawaida, 3 na kitu, "tunasukuma tu". Maisha yaleyale, yakiwa mikononi yanapewa 3 na kitu. Yakiondoka yanapewa 4.41.

Mtaniambia kumbukumbu hupamba. Watafiti wenyewe walilieleza hivyo, kwamba ni kuitamani hali iliyopita. Sawa, nalikubali. Lakini mbona hatuliulizi na upande wa pili? Huenda ile 4.41 ndiyo hesabu sahihi, na ile 3 na kitu ndiyo hesabu ya mtu asiyetazama. Kushuka ngazi kwa miguu yako mwenyewe, kujikuna unapowashwa, kumbeba mtoto aliyesinzia: thamani yake haikupanda siku ya ajali. Ilikuwepo muda wote. Aliyechelewa kuijua ni mwenye nayo.

Haya ndiyo ninayotaka mwondoke nayo hata nikikatizwa: shukrani ni kupata habari hiyo mapema. Mateso ya jirani hayahitajiki. Unajilinganisha na wewe mwenyewe ambaye kitu fulani hukukipata.

Na hili limejaribiwa. Mwaka 2008 Minkyung Koo na wenzake walichapisha majaribio ambayo, katika moja, watu waliokuwa na wenzi wao waliandika ama jinsi walivyokutana na mwenzi, ama jinsi ambavyo wangeweza wasikutane naye kabisa. Mngetarajia hadithi tamu ndiyo imfurahishe mtu. Hata watu walioombwa kutabiri walidhani hivyo. Wakakosea. Walioandika jinsi ambavyo wangeweza wasikutane ndio walioridhika zaidi. Nadhani sababu ni kwamba hadithi ya kukutana tumeishaisimulia mpaka imechakaa. Ukijiuliza "na kama siku ile nisingekwenda?", mtu aliyekaa mbele yako anakuwa tena jambo ambalo halikuwa lazima litokee. Epictetus, mwanafalsafa wa kale, alikuwa akifundisha mazoezi ya namna hii karibu miaka 1,900 iliyopita, naye alizaliwa mtumwa, kwa hiyo anayetaka kusema hizi ni falsafa za walioshiba akamwambie yeye.

Lakini pingamizi hilo la walioshiba nalijua, na kati ya mapingamizi yote ndilo ninaloliheshimu. Linasema hivi: mahubiri ya kuridhika humfaidi nani? Humfaidi mwajiri asiyelipa. Humfaidi mume mkatili. Mwenye haki ananyamazishwa kwa neno "shukuru hata hicho kidogo". Ndugu zangu, mnaolisema hilo mna haki ya kuogopa, kwa sababu limefanyika na bado linafanyika. Ila wanaolifanya hawakusoma vitabu vyao wenyewe.

Chukueni Paulo. Kila mtu anapenda kunukuu barua yake kwa Wafilipi, anaposema amejifunza kuwa radhi katika hali yoyote. Aliiandika akiwa kifungoni, na hilo wahubiri hulitaja kwa sauti ya kutetemeka. Vizuri. Lakini hao Wafilipi waliopokea barua walimjua vipi? Fungueni Matendo ya Mitume, sura ya 16. Katika mji huohuo wa Filipi, Paulo na Sila walichapwa hadharani bila kuhukumiwa, wakatupwa katika chumba cha ndani cha gereza, miguu ikafungwa kwenye mkatale. Usiku wa manane wakawa wanaomba na kuimba. Hapo mahubiri huishia, watu wanaambiwa: mmeona? Imbeni na ninyi.

Subirini asubuhi, basi! Asubuhi mahakimu wanatuma watu: waachilieni waende zao. Mlango uko wazi. Mtu wa "ridhika" angekunja nguo zake na kuondoka akishukuru. Paulo anakataa. Anasema wametupiga mbele ya watu bila kutuhukumu, na sisi ni raia wa Roma, sasa wanataka kututoa kwa siri? Haiwezekani. Waje wenyewe watutoe. Na mahakimu wakaogopa, wakaja, wakawabembeleza. Aliyeimba usiku ndiye aliyedai haki yake asubuhi, na sioni dalili kwamba aliona mgongano wowote. Mtu anayejua thamani ya kitu alichonacho ndiye anayejua pia amenyang'anywa nini.

Na kwa ndugu zangu Waislamu, Nabii Yaakub katika Sura ya Yusuf alitamka subira njema, kisha akalia hadi macho yake yakawa meupe. Hakukemewa na Mola wake kwa kulia. Aliyemwambia aache walikuwa wanawe, na wao ndio waliomtupa Yusuf kisimani. Mara nyingine anayekuhimiza uridhike, mchunguze kwanza.

Mwenyekiti ananionyesha vidole vitano. Nilijua.

Fedha, basi, kwa kasi. Msiseme fedha hazina maana, mtachekwa. Mwaka 2010 Daniel Kahneman na Angus Deaton waliandika kwamba hisia njema za kila siku huacha kupanda kipato kikifika kama dola 75,000 kwa mwaka huko Marekani. Mwaka 2021 Matthew Killingsworth akakuta hazisimami. Mwaka 2023 Kahneman na Killingsworth wakakaa meza moja, jambo ambalo wasomi hulifanya kwa nadra, wakakuta kwa wengi furaha inaendelea kupanda, na wanaofika mahali wakakwama ni lile kundi dogo lenye huzuni zaidi. Kwa hiyo tafuteni fedha. Mtu mwenye njaa apewe chakula, asipewe mhadhara wa kuridhika.

Suala la simu na kutazama maisha ya watu wengine usiku kucha nilikuwa nimeliandalia kurasa mbili. Naziacha, mnalijua kuliko mimi.

La vitendo ni hili. Robert Emmons na Michael McCullough mwaka 2003 walionyesha kwamba walioandika kila wiki mambo machache ya kushukuria walijisikia vizuri zaidi kuliko walioandika kero. Tangu hapo kila mtu anauziwa daftari la shukrani la kila siku. Polepole. Jaribio moja la Sonja Lyubomirsky na wenzake lilikuta walioandika mara moja kwa wiki walipanda, na walioandika mara tatu hawakupanda. Ukiandika kila siku mkono unajifunza kuandika "afya, familia, kazi" bila wewe kuwepo. Andika mara chache, na uwe mahususi: nani, alifanya nini, na ingekuwaje asingefanya.

Na kama aliyefanya yu hai, mwambie. Mwaka 2005 Martin Seligman na wenzake walijaribu mazoezi kadhaa. Lililoinua furaha zaidi papo hapo ni kuandika barua kwa mtu ambaye hukuwahi kumshukuru ipasavyo, kisha kumpelekea mwenyewe. Nguvu yake ilionekana hadi mwezi mmoja, ikapungua. Mwezi si haba. Sisi tunao ustadi mkubwa wa barua hizo, ila tunazisoma kaburini, kwa kipaza sauti, mwenyewe hasikii. Kama kuna jina limekujia kichwani tangu nianze kuongea na yuko mbali, mpigie simu. Watafiti walitaka iwe uso kwa uso, mimi si mkali kiasi hicho.

Mwenyekiti, nimemaliza. Maswali, na tafadhali mafupi kuliko majibu yangu.