Lishe na Kuzuia Kurudi kwa Mawe ya Kibofu kwa Mbwa

Ndugu wasikilizaji,

Mbwa anapomaliza kufanyiwa upasuaji wa kutoa mawe kibofuni, swali la kwanza la mwenye mbwa huwa ni hili: nimlishe nini ili yasirudi? Swali hilo ni la haki kabisa, lakini halijibiki kabla ya kujua jiwe lenyewe ni la aina gani. Ndiyo maana nawasihi jiwe lisitupwe. Litiwe katika chupa kavu isiyo na formalini, dawa ya kuhifadhia vipande vya mwili, kwa kuwa dawa hiyo huweza kuyabadilisha madini ya jiwe, kisha lipelekwe maabara.

Nasisitiza hivyo kwa sababu chakula kinachozuia aina moja huweza kuchochea nyingine. Mawe ya struviti huundwa na magnesiamu, amonia na fosfati, nayo huganda katika mkojo wenye alkali. Kwa mbwa, na hasa majike, chanzo chake karibu kila mara ni bakteria wanaovunja yurea, taka ya protini iliyomo kwenye mkojo, na kuzalisha amonia. Hapo kinga kubwa ni kuyatibu maambukizi mpaka yaishe na kupima mkojo tena, maana chakula maalumu peke yake hakitamkinga mbwa ambaye bakteria hao bado wamo kibofuni mwake. Mawe ya kalsiamu oksaleti ni habari tofauti: hayayeyuki kwa chakula chochote, na lishe inayoongeza asidi, ile ile inayosaidia kuyeyusha struviti, huzidisha kalsiamu kwenye mkojo na kuyakaribisha. Wapo wanaoamua kumnyima mbwa kalsiamu, nao wanakosea, kwa sababu kalsiamu ikipungua tumboni, oksaleti hukosa cha kushikamana nacho humo na hufyonzwa kwa wingi zaidi kuelekea kwenye mkojo. Vidonge vya vitamini C navyo viepukwe, kwa kuwa sehemu ya vitamini hiyo hugeuka kuwa oksaleti mwilini, na vitamini D isiongezwe bila ushauri.

Mbwa wa aina ya Dalmatian wana kasoro ya kurithi inayofanya asidi ya yuriki ijae kwenye mkojo na kuunda mawe ya yureti. Hawa wapunguziwe vyakula vyenye purini nyingi, kemikali inayogeuka kuwa asidi ya yuriki mwilini, yaani maini, figo na dagaa, na protini yao itoke zaidi kwenye mayai. Mbwa huyo akipewa alopurinoli, dawa ya kupunguza asidi ya yuriki, bila kupunguziwa purini, huweza kupata mawe mengine, ya zanthini. Ikiwa mawe ya yureti yametoka kwa mbwa asiye wa aina hiyo, ini lake lichunguzwe kwanza.

Liko jambo moja linalofaa kwa aina zote, nalo ni maji. Mkojo ukiwa mwepesi, madini hukosa wingi wa kuwezesha kuganda. Chakula kikavu kina maji takriban asilimia 10, ilhali cha kopo kina karibu asilimia 75, na tofauti hiyo haifidiwi kwa urahisi na bakuli la maji lililowekwa pembeni. Asiyeweza kumudu chakula cha kopo aloweke kile kikavu mpaka kilainike, akiongeza maji kidogo kidogo kila siku ili mbwa asikisuse. Kipimo cha mafanikio ni uzito mahususi wa mkojo wa asubuhi, yaani uzito wake ukilinganishwa na wa maji, ambao tungependa uwe chini ya 1.020. Mbwa atolewe nje mara kwa mara, kwani mkojo uliokaa muda mrefu huyapa mawe nafasi ya kukua.

Hata lishe ikifuatwa vyema, kibofu kipigwe picha kila baada ya miezi 3 hadi 6. Ultrasaundi hufaa zaidi pale mawe yalipokuwa ya yureti au sistini, aina nyingine ya mawe, kwa kuwa mara nyingi hayaonekani kwenye eksirei ya kawaida. Mawe yakigunduliwa yakiwa bado madogo, daktari wa mifugo huweza kuyasukuma nje pamoja na mkojo bila kupasua. Lakini dume anayekaza kukojoa na mkojo hautoki asisubiri picha ya miezi ijayo. Afikishwe kliniki saa ile ile.