Nasafiri kwa Pesa Kidogo Kwa Sababu Tarehe ni Zangu

Habari zenu wapendwa wangu, karibuni tena. Leo sitoki nje na kamera, nimekaa hapa mezani, maana wengi mmenitumia swali lile lile: "Dada, unasafirije kila mara na wewe si tajiri?" Kweli, tajiri mimi siyo. Nilichonacho ni uhuru wa tarehe.

Kazi yangu ni kutafsiri na kuhariri. Mteja hajali nimelala mji gani, anachotaka ni kazi ifike kwa wakati. Basi nikitafuta tiketi siangalii siku kwanza, naangalia bei. Nafungua kalenda ya mwezi mzima, natafuta siku iliyoshuka. Mwenye likizo ya siku kumi hana budi kusafiri wakati watu wote wanasafiri. Mimi nasubiri shule zifunguliwe, umati upungue, ndiyo naondoka katikati ya wiki. Hakuna mbinu niliyowahi kuambiwa iliyoniokolea pesa kuliko hiyo.

Ila bei rahisi nayo ina mtego, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu niliumia. Niliona nikinunua tiketi mbili mbalimbali, za mashirika mawili, naokoa karibu theluthi ya nauli. Katikati kulikuwa na saa tatu, nikasema zinatosha. Ndege ya kwanza ikachelewa saa mbili. Tukitua, mzigo unaufuata mwenyewe, unatoka nje, unapanga foleni upya. Nimesimama mbele ya ule mkanda, mabegi ya wenzangu yanapita, la kwangu la bluu halitokei, na juu ukutani ubao unaonyesha ndege yangu imefunga mlango. Tiketi ya pili ikapotea yote. Shirika la pili halikuwa na deni kwangu, maana tiketi zilikuwa mbili. Zingekuwa tiketi moja, shirika lililonichelewesha ndilo lingetakiwa kunitafutia ndege nyingine.

Halafu kuna viza. Kutoka kwenda kuchukua mzigo maana yake umeingia nchi ya watu. Tena kwa pasipoti za wengi wetu, viko viwanja vinavyodai viza ya kupita hata kama hutoki nje ya jengo. Uliza ubalozi kabla hujalipa.

Kwa wanaokuja Ulaya: nchi 29 za Schengen, yaani zile zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, zinahesabiwa kama moja. Unakaa siku 90 ndani ya kila siku 180. Kuna wanaodhani ukitoka wikiendi moja hesabu inaanza upya. Haianzi, ndugu zangu! Kila siku uliyomo, unarudi nyuma siku 180 na kujumlisha siku zote ulizokaa, ya kuingia na ya kutoka zikiwemo.

Na tusidanganyane kuhusu kazi. Kuwa na laptopu hakukupi ruhusa ya kufanya kazi kwa viza ya utalii. Nchi nyingi zinakataza hata kama anayekulipa yuko bara lingine. Lakini zipo zilizofungua mlango wa halali: Estonia tangu 2020, Ureno tangu 2022. Wanataka uthibitisho wa kipato, na si kidogo. Ureno wanataka mara nne ya mshahara wao wa kima cha chini. Na kodi je? Nchi nyingi ukipitisha siku 183 kwa mwaka zinakuhesabu mkazi wa kulipa kodi. Weka kumbukumbu ya kila mhuri.

Saa pia zinaponza watu. Ulaya wanasogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi, wanazirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Wewe uliye mahali saa hazibadiliki, kikao chako kinahama bila wewe kugusa kitu. Mkubaliane na mteja mnafuata saa za nani, iandikwe kwenye mkataba.

Mashine ya pesa ugenini ikikuuliza ukatwe kwa sarafu ya kadi yako au sarafu ya pale, chagua ya pale. Ile nyingine inaonekana rafiki kwa sababu unaona namba unazozijua, lakini kiwango cha kubadilisha wamejipangia wao. Pawabenki, ile betri ya kuchajia simu, iwe kwenye begi la mkononi, kamwe isiingie kwenye mzigo wa chini, na isizidi saa-wati (Wh) 100, kipimo cha umeme inaohifadhi, ambazo ni kama mAh 27,000.

Nauli ya kurudi mimi naiweka kwenye akaunti ya peke yake, siigusi hata mteja akichelewa kulipa miezi miwili. Na imeshatokea.

Sasa kabla hujazima video, nenda kachukue pasipoti yako. Angalia tarehe ya mwisho. Nchi nyingi zinataka ibakiwe na angalau miezi 6, na wanaokurudisha ni wale wa kaunta ya kwanza kabisa, begi lako likiwa tayari juu ya mizani.