Hadi Diski Iliyoganda na Nyaya Tatu za Kuiamsha

ZUHURA: Karibuni tena. Kaka Kassim leo kaja na hadi diski mkononi, na si ya kunikopesha filamu.

KASSIM: Hii ni Seagate Barracuda 7200.11, terabaiti moja. Ziliuzwa sana 2008, na kufikia Januari 2009 malalamiko yakawa yamezagaa. Jioni unazima kompyuta ikiwa salama, asubuhi diski haionekani.

ZUHURA: Sahani zimeharibika?

KASSIM: Wapi! Sahani nzima, vichwa vizima. Ugonjwa uko kwenye fimwea, yaani programu ya ndani inayoiendesha diski. Diski ina daftari lake la ndani la matukio. Hesabu ya daftari hilo ikisimama pabaya, kwa mfano kwenye 320, halafu ukaizima, ukiiwasha tena fimwea inaganda. Kompyuta ikiita, jibu ni lile lile: nina shughuli.

ZUHURA: Kumbe ndiyo maana inakufa wakati wa kuwashwa.

KASSIM: Hapo hapo. Na ugonjwa huu una dada yake: diski inaitika vizuri, ila inadai ukubwa wake ni sifuri. Sasa, kwenye SATA, yaani kiunganishi cha kawaida cha diski na kompyuta, hupati kitu, lakini pembeni yake kuna vipini vinne vidogo. Huo ndio mlango wa mafundi wa kiwandani. Unahitaji nyaya tatu tu: kutuma, kupokea na graundi.

ZUHURA: Nina kebo ya siriali ya modemu ya zamani...

KASSIM: Utaunguza bodi, dada! Ile inatoa volti nyingi mno, diski inataka 3.3. Tafuta adapta ndogo ya USB kwenda TTL, yaani siriali ya volti ndogo, zile zenye chipu ya CP2102 au FT232. Kabla ya yote, gusanisha TX (kutuma) na RX (kupokea) za adapta yenyewe, ufungue programu ya teminali kwenye kompyuta, uandike chochote. Herufi zikirudi kwenye skrini, adapta ni nzima. Kasi ni 38400, biti 8, bila pariti. Bonyeza Ctrl+Z, diski ikujibu kwa alama ya kusubiri amri, F3 T>.

ZUHURA: Na iliyoganda itajibu?

KASSIM: Inatapika mstari wa hitilafu, LED:000000CC, basi. Kwa hiyo unalegeza skrubu za bodi, unapenyeza kikaratasi kigumu kwenye miguso ya vichwa, ndipo unawasha. Fimwea ikishindwa kusoma sahani, haifiki pale inapojikwaa, na F3 T> inatokea. Unaandika /2, kisha Z kusimamisha mota. Unatoa karatasi, unakaza skrubu, unaandika U izunguke tena.

ZUHURA: Subiri. Unakaza skrubu umeme ukiwa unapita?

KASSIM: Ndiyo. Skrubu moja ikidondokea bodi, msiba. Baada ya hapo /1, halafu N1, inayofuta kumbukumbu za SMART, zile diski inazojiwekea kuhusu afya yake. Uangalie herufi kubwa na ndogo, diski haisamehe. Unazima, unawasha, na mwisho kabisa m0,2,2,0,0,0,0,22.

ZUHURA: Hiyo ya mwisho nimeiona ikiandika User Partition Format. Fomati, Kassim!

KASSIM: Kila mtu hushtuka hapo. Kwenye diski hii inajenga upya ramani ya sekta tu, vile vipande vidogo vinavyohifadhi data, mafaili yanabaki. Lakini nisikilize vizuri: nimesema diski *hii*. Kinachoniudhi ni watu kuchukua amri hizi na kuzimwagia Seagate yoyote iliyogoma. Diski inayogonga tak-tak-tak ina tatizo la vichwa, hakuna amri ya kuviponya, na kila dakika unayoiacha izunguke huenda inakwangua sahani. Halafu kuna zile nyembamba za kompyuta mpakato za miaka ya karibuni: m0 ukiitupa kienyeji inaweza kuvuruga ramani mpaka hata mtaalamu ahangaike. Nyingi zina teminali iliyofungwa kabisa, na mimi naona afadhali.

ZUHURA: Haya, ya kwako imeamka. Unaweka fimwea mpya?

KASSIM: Nakili kwanza! Kila kitu, kwenye diski nyingine. Fimwea ya kurekebisha, SD1A, Seagate waliitoa Januari 2009, na toleo la kwanza likaziangusha baadhi ya diski za gigabaiti 500 zilizokuwa zikifanya kazi. Ilibidi waliondoe, watoe jingine.