Siku Nne Zimebaki: Waranti ya Subaru, Niifute au Niiache?

Haya watu wangu, habari za huko. Hapa Houston ni saa kumi na mbili asubuhi, huko Arusha najua ni saa nane mchana na jua limewakalia utosini. Niko ndani ya gari, hapa chini ya maghorofa tunakoishi. Injini nimeizima. Jirani wa juu alishanigongea mlango mara mbili wiki hii kwa ajili ya huu mlio, na ya pili alikuja na taulo kiunoni, kwa hiyo leo mtanisamehe, mlio hamtausikia.

Kwanza asanteni kwa pongezi za video iliyopita. Baba mdogo alinipigia kabisa, dakika arobaini, akaniuliza linakula mafuta kiasi gani, nikajifanya mtandao umekata.

Leo sikuja kulionyesha gari. Nimekuja na hii hapa. Mnaisikia? Kurasa ishirini na nne, maandishi kama mayai ya chawa. Ni ile waranti ya nyongeza, karatasi ya kulipiwa matengenezo gari likiharibika, niliyouziwa siku ninachukua gari. Leo ni siku ya ishirini na sita tangu niweke sahihi, na sheria ya Texas inasema hivi: ukiufuta mkataba wa namna hii kabla ya siku ya thelathini na moja, hela yako inarudi yote, wakitoa tu kile walichokwisha kukulipia. Ukivuka hapo wanakukata kwa muda uliotumika, na wanaweza kuongeza ada isiyozidi dola 50. Kwa hiyo nina siku nne, na hapa nyumbani hatujaafikiana.

Niwarudishe nyuma kidogo. Hili ni Subaru WRX STI la mwaka 2019. Wa rika langu mnajua kwa nini. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally kule Kenya na Subaru Impreza ya bluu yenye rimu za dhahabu. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Kinyozi wetu pale Ngarenaro, Arusha, alikata ile picha gazetini akaibandika juu ya kioo. Miaka mingi nimekuwa nikinyolewa naitazama Subaru badala ya kujitazama mimi. Sasa mtu wa hivyo ukimpeleka yadi ya magari na hela ya kutangulizia mkopo, unategemea nini?

Huku gari likishakubaliwa bado hujamaliza. Unapelekwa chumba kingine, kidogo, kina meza na kompyuta na jamaa mwenye tai. Hapo tumeshakaa yadi kwa muda wa saa tatu, watoto wana njaa, mdogo ameshamwaga juisi kwenye zulia la watu. Jamaa anageuza kioo cha kompyuta ananionyesha: mkopo huu, malipo haya kwa mwezi, na ukiongeza kama dola 100 tu kwa mwezi, gari lako linalindwa miaka mitatu au maili 36,000. Akasema kwa upole kabisa, gari la nguvu kama hili, turbo, ile feni ya kuisukumia injini hewa, ikifa utajuta. Nikasaini. Nilisaini kama mtu anayejaza kitabu cha wageni msibani, jina, tarehe, kalamu nikampa anayefuata.

Nimefika nyumbani ndiyo mke wangu akauliza: dola 100 kwa mwezi, kwa miezi mingapi?

Hapo ndipo ubongo ulipoanza kufanya kazi. Waranti yenyewe ni dola 4,800. Wameichomeka ndani ya mkopo wa gari, riba asilimia 9, miezi sitini. Piga hesabu, mpaka unamaliza umelipa karibu dola 6,000. Na sikilizeni vizuri hapa: waranti inakwisha baada ya miaka mitatu. Mkopo ni miaka mitano. Maana yake miaka miwili ya mwisho nitakuwa nalipia karatasi iliyokufa. Mke wangu anafanya kazi za usiku kwenye nyumba ya kulea wazee, ana macho ya kusoma chati za dawa saa tisa usiku. Aliliona hilo kabla sijavua viatu.

Sasa mtaniuliza, kwani gari halina waranti ya kiwandani? Lilikuwa nayo. Subaru huku Marekani wanatoa miaka mitatu au maili 36,000 kwa gari zima, na miaka mitano au maili 60,000 kwa injini na gia boksi, kinachotangulia kufika ndicho kinachohesabika. Langu lina maili 51,000, nikajidanganya nina maili 9,000 mkononi. Kumbe miaka inahesabiwa tangu siku mwenye gari wa kwanza alipokabidhiwa ufunguo. Maili hazijaisha, miaka imeisha.

Huko nyumbani habari hii hatuna. Gari linatoka Japani, likishavuka geti la bandari ni wewe na Mungu wako na fundi wako. Na pengine ndiyo maana tukifika huku tunalipenda hili neno. Waranti! Unajisikia umepata ndugu mwenye cheo.

Ila si waranti. Hili limenichukua wiki nzima kulielewa. Waranti ni ahadi ya aliyetengeneza gari, imo ndani ya bei. Hii niliyouziwa kisheria ni mkataba wa huduma: kampuni nyingine kabisa, ambayo haijawahi kutengeneza hata nati moja ya Subaru, inaahidi kulipia matengenezo fulani kwa masharti yake. Vijiweni huku vijana wa magari watakuambia usiogope, ipo sheria ya mwaka 1975, Magnuson-Moss, mtu hawezi kukunyima waranti eti kwa sababu umebadilisha ekzosi. Kweli sheria ipo. Lakini kinga hiyo inahusu waranti za watengenezaji. Mkataba kama huu unatakiwa tu masharti yake yawe yameandikwa wazi. Na yameandikwa wazi, ukiwa na miwani.

Na hao wauzaji wamo wa kila aina. Kampuni moja ya Missouri, US Fidelis, ilikuwa na matangazo kila kona, mwaka 2010 ikaingia mahakamani kuomba kufilisika. Mwaka 2024 wauzaji wengine, CarShield, walikubali kulipa dola milioni 10 baada ya tume ya biashara ya serikali kuu kuwashitaki kwa matangazo ya kupotosha. Sisemi wangu ni wa hivyo. Wangu nimewapigia, dada aliyepokea alikuwa na adabu zake.

Basi kwa nini nisifute tu tukalale? Kwa sababu ya injini hii. STI zilizouzwa Marekani, kuanzia za mwaka 2004 mpaka za mwisho za 2021, zinatumia injini ya familia moja, EJ257, lita mbili na nusu, turbo. Pistoni nne zinalala ubavu, mbili huku mbili kule, zinarushiana ngumi. Tamu, lakini ina ugonjwa wake unaojulikana: kile kikingo chembamba cha pistoni kinachoshika pete huwa kinapasuka, na mara nyingi mafundi watakutajia silinda namba nne. Hasa kama mtu amechezea kompyuta ya injini ili turbo isukume zaidi, au amejaza petroli hafifu. Ikitokea, ni injini kushuka. Gereji niliyoiuliza ilinipa makadirio ya dola 8,500. Mke wangu akauliza swali moja: tunazo?

Hatuna.

Kila mtaalamu wa pesa wa huku atakwambia usinunue waranti, hela hiyo iweke benki kila mwezi, likiharibika unalipa mwenyewe, lisipoharibika imebaki yako. Hesabu nzuri sana. Aliyeipiga hana simu yangu.

Ndugu zangu, tuongee ukweli, na ninyi ndio mnaotazama. Mimi niko kwenye makundi kumi na moja ya WhatsApp ya michango. Mwezi uliopita peke yake: sendofu ya binamu, msiba wa jirani yetu wa zamani, ada ya mtoto wa dada, na kamati ya harusi ambayo bwana harusi mpaka leo sijamfahamu. Sinung'uniki, nilivyokuja huku nauli ilichangwa hivyo hivyo, mpaka mama muuza ndizi alitoa. Lakini mtaalamu anaposema weka dola 100 kila mwezi usiziguse, nacheka. Siku ya mwezi wa nne zikifika 400, mtu atalazwa hospitali ya Mount Meru. Na nitazigusa, kwa sababu mgonjwa haulizwi kama ni wakati wa injini.

Kwa hiyo nikafika mahali nikasema moyoni, afadhali hela iwe kwenye mkataba. Hela iliyo kwenye mkataba haina mwombaji. Nikalala nimeamua: naiacha.

Sasa ngojeni niwageuzie kamera. Jumamosi nilikuwa nasafisha ndani, natumia mswaki wa zamani, mnanijua. Nikafika hapa, kwenye hii nguzo ya plastiki pembeni ya kioo cha mbele, upande wa dereva. Mnaona? Sogea... hapa. Vitundu viwili vya skrubu. Vimezibwa na kitu cheusi kama nta, rangi karibu ifanane, lakini ukipitisha kucha inaingia. Na hapa chini yake, gundi ya zamani, inanata bado. Hapo palikaa geji ya kupima msukumo wa turbo. Mtu hafungi geji ya turbo ili aitazame ikipumua. Huyu mwenye gari wa kwanza alilichezea hili gari, akatoa vitu vyake, akaziba, akauza.

Nikarudi kwenye karatasi, ukurasa wa kumi na tano. Kifungu kinasema hawalipi uharibifu wa gari lililobadilishwa tofauti na lilivyotoka kiwandani, liwe lilibadilishwa na mmiliki huyu au aliyepita. Aliyepita! Ukurasa wa kumi na saba wanataka risiti za kumwaga oili tangu mwanzo. Ninazo mbili. Na hiki ndicho kilichonimaliza: injini ikifa, gari linakaa gereji, wanamtuma mtu wao, na ili aamue, injini lazima ifunguliwe. Kufungua unaidhinisha wewe. Wakikataa kulipa, saa za fundi za kufungua ni juu yako. Nawaza huyo mtu wao anaingia humu na tochi. Itamchukua dakika ngapi kuviona hivi vitundu? Mimi mwenyewe nimeviona na mswaki.

Jumatatu nikapeleka gari kwa fundi, si wa yadi, wa pembeni. Akapima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, silinda zote nne, zikalingana vizuri tu. Akasukuma hewa ndani kuangalia zinavuja kiasi gani, namba nne ikavuja zaidi kidogo kuliko wenzake, bado iko salama. Akachomeka kompyuta, programu ya injini akaikuta ni ya kiwandani. Lakini akaniambia, hiyo inanionyesha ilivyo leo, hainionyeshi ya mwaka juzi. Nilimlipa dola 260. Mngeniambia nilipeleke kabla ya kununua, ningewaona wabaya wangu.

Basi nafuta. Lingekuwa gari halijaguswa, risiti zote zipo, na mkataba umetolewa na watengenezaji wenyewe, ningeiacha na wataalamu wangenisamehe. Dada yangu wa Dallas ana gari la kifahari la Kijerumani lililojaa vioo vya umeme na sensa, hana mume, anaendesha maili sitini kila siku kwenda kazini, nilimwambia achukue ya kiwandani na sijutii. Langu mimi ni kumlipa mtu dola 6,000 ili aje na tochi.

Na sasa nyie wa makundi, msianze kunitumia emoji za mikono ya kuomba. Hela ya kufuta haiji kwangu! Kwa kuwa iko ndani ya mkopo, inaenda moja kwa moja benki kupunguza deni. Malipo ya mwezi yanabaki yale yale, mkopo ndio unaisha mapema. Mimi hata harufu yake siipati. Mke wangu alipolisikia hilo alicheka mara ya kwanza tangu niingize gari hili hapa.

Ila ile dola 100 ya akiba wanayoisema wataalamu anaichukua yeye, kila tarehe 1, inaingia kwenye akaunti yake ya benki nyingine ambayo namba yake sitaambiwa. Turbo naiacha na msukumo wake wa kiwandani, petroli ni ya okteni 93 tu, oili kila maili 3,000 ingawa kitabu kinaniruhusu 6,000.

Barua nimeshaiandika, hii hapa, namba ya mkataba, maili zilizopo, sahihi. Posta inafunguliwa saa mbili na nusu. Naituma kwa rejista, nibaki na stakabadhi yenye tarehe, maana yadi nilipowapigia waliniambia niache ujumbe watanirudia, na huu ni mwezi ambao sina siku za kurudiwa.

Naliwasha sasa. Sekunde tatu tu, jirani anisamehe. Na wewe mdogo wangu wa huko Sakina, Arusha, meseji ya kipaimara nimeiona tangu jana usiku. Muulize shemeji yako.